Uzi: Bila padri aliyekuja kuwa askofu wa Masasi, dunia ingempata Hugh Masekela?

#1 Mwana_Kirumba

Wakuu, salaam.

Kila Januari watu wanamkumbuka Hugh Masekela, yule mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, wanataja kibao chake cha 1968, "Grazing in the Grass", wanataja ndoa yake na Miriam Makeba, basi, wamemaliza. Padri hatajwi. Mimi nataka tumtaje.

Masekela alizaliwa 4 Aprili 1939 Witbank, mji wa makaa ya mawe kule Afrika Kusini. Alipofika miaka 14 alikuwa mwanafunzi St Peter's, Rosettenville, Johannesburg. Mtoto mkorofi, haishi matatani. Padri mmoja Mwingereza, Trevor Huddleston, akamwita akamuuliza anataka nini hasa maishani. Dogo akamwambia akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamnunulia, kisha akamtafutia mwalimu kutoka bendi ya manispaa, mzee waliyemwita Uncle Sauda. Wenzake nao wakataka vyombo, ikazaliwa Huddleston Jazz Band.

Huyo Huddleston ndiye huyohuyo aliyekuja kwetu 1960 akawa Askofu wa Anglikana Masasi mpaka 1968, rafiki mkubwa wa Mwalimu Nyerere.

Hoja yangu: kipaji bila mtu wa kukuwekea chombo mkononi kinafia njiani. Nina mpwa wangu hapa Kirumba, Mwanza, anapuliza kwenye matarumbeta ya harusi. Jumamosi yuko nyuma ya pikapu, msafara unakwenda Capri Point bwana na bibi harusi wapige picha. Jioni chombo kinarudi kwa mwenyewe, wiki nzima dogo hana kitu cha kufanyia mazoezi. Nikimsikiliza naona kitu kipo. Ndiyo maana nauliza: Masekela alitengenezwa na padri, au angetokea tu?

#2 Sato_wa_Kuchoma

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, tarumbeta la kwanza alipewa na Louis Armstrong. Picha ipo, dogo anaruka nalo juu meno yote nje.

#3 Mwalimu_Magu

Sato, hayo ni matarumbeta mawili tofauti. La kwanza ni la Huddleston, lilinunuliwa dukani Johannesburg. La Armstrong lilikuja 1956. Huddleston alikuwa ameshaondolewa Afrika Kusini na wakuu wa shirika lake, akapita Marekani, akakutana na Armstrong na kumsimulia habari za vijana wa bendi ile. Armstrong akatuma tarumbeta lake mwenyewe. Ile picha ni ya siku lilipofika.

Kwa hiyo ukihesabu vizuri, hata la Armstrong lilipitia mkono wa padri. Mleta uzi ana hoja.

#4 Sato_wa_Kuchoma

Asante mwalimu. Basi padri kapata mabao mawili.

#5 Mzee_wa_Mbao

Vijana, hamjambo.

Mimi namkataa padri kama chanzo. Namheshimu sana, ila chanzo kiko nyuma zaidi. Yule mtoto alilelewa na bibi yake Witbank, na bibi alikuwa anauza pombe kwa wachimba migodi. Hebu fikiria mtoto mdogo kwenye nyumba ile: wanaume kutoka kila pembe ya kusini mwa Afrika, kila mmoja na nyimbo za kwao, na gramafoni kwenye kona. Akaanza kujifunza piano akiwa mdogo kabisa kwa sababu alikuwa anaimba kila kilichotoka kwenye gramafoni. Halafu akaona sinema ya Kirk Douglas akiigiza mpiga tarumbeta, na ndiyo iliyomtia wazimu wa chombo hicho. Alipokwenda kwa padri alikuwa anajua anachokiomba. Ni watoto wangapi wa miaka 14 ukiwauliza wanataka nini wanakujibu bila kusita?

Nilimsikia kwa mara ya kwanza kwenye redio ya mbao, masafa mafupi, usiku, hapa hapa Mwanza. Sauti ya Marekani walikuwa na kipindi cha jazi cha Willis Conover, yule bwana alikuwa anaongea polepole mpaka sisi wa Kiingereza cha kuungaunga tunamwelewa. Ukisogeza waya wa antena karibu na dirisha la upande wa ziwa inashika vizuri zaidi. Ilipotoka ile tarumbeta nilijua palepale kwamba huyu ni wa kwetu, na mtangazaji alikuwa bado hajataja jina.

#6 Dada_Nansio

Shikamoo mzee. Hiyo ya dirisha la upande wa ziwa imenikumbusha marehemu baba, Ukerewe.

Naona wanaume mmeshamgawa Masekela kati ya padri na gramafoni. Miriam yuko wapi? Masekela aliondoka kwao 1960, mwaka wa mauaji ya Sharpeville, watu 69 walipigwa risasi na polisi tarehe 21 Machi. Alipita London, akafika New York kusoma Manhattan School of Music. Nani alimpokea? Miriam Makeba, aliyekuwa ameshatangulia na ana jina, pamoja na mwimbaji Mmarekani Harry Belafonte. Hao ndio waliomshika mkono kwa ada na maisha. Padri alitoa chombo, Miriam akafungua mlango wa dunia.

#7 Sato_wa_Kuchoma

Si alikuwa mumewe, lazima amsaidie. Waliishi pamoja miaka kumi.

#8 Dada_Nansio

Walioana 1964, wakaachana 1966. Alipompokea hakuwa mumewe. Na baada ya kuachana waliendelea kupiga muziki pamoja mpaka uzeeni. Krismasi ya 1980 walipiga onyesho Lesotho, nje kidogo tu ya mpaka wa nchi waliyokatazwa kuingia, na watu wakavuka kutoka Afrika Kusini kwenda kuwaona.

#9 Tarumbeta_la_Igogo

Mimi ni mpigaji, harusi, misiba, kampeni, nimepuliza zote. Nisemee upande ambao hamjaugusa, mazoezi.

Kupuliza tarumbeta kunaua mdomo. Vijana wengi wa pikapu wanakandamiza chombo kwenye meno ili noti za juu zitoke. Saa ya kwanza unatoka, saa ya pili mdomo umekufa ganzi, jioni umevimba huwezi hata kunywa chai ya moto. Ukifanya hivyo miaka miwili mitatu unajiharibia kabisa. Sasa msikilizeni Masekela: anapanda juu bila kukamua, anaiteleza noti kutoka chini kama mtu anayeita jina la rafiki yake ng'ambo ya barabara, na akitaka anaikata katikati. Ule ulaini ni wa mtu aliyekaa na mwalimu, akarudiarudia noti moja ndefu kila siku. Pale Manhattan alisomea tarumbeta la muziki wa kizungu wa kusoma nota, miaka minne.

Kwa hiyo mimi naona kilichomtengeneza ni shule. Padri alimpa chombo, sawa. Lakini mpwa wako hata ukimpa chombo kesho, bila mwalimu atakandamiza meno kama sisi.

#10 Mwana_Kirumba

Mkuu wa Igogo, umenigusa penyewe. Dogo analalamika mdomo kila Jumapili, nilidhani ni jua. Afanye nini kwa sasa?

#11 Tarumbeta_la_Igogo

Mnunulie kile kipande cha kupulizia peke yake, ni kidogo, kinaingia mfukoni. Midomo aifanye itetemeke humo, dakika chache asubuhi na jioni, sauti kama nyuki. Akichoka aache, asilazimishe. Akiweza kuimba wimbo mzima kwa kile kipande tu, siku akishika tarumbeta ataona limekuwa jepesi. Na aachane na mafuta ya cherehani kwenye vitufe, yanaganda na vumbi. Kuna mafuta yake maalumu.

#12 Nshomile_Original

Mambo ya matarumbeta mngetuuliza sisi wa Bukoba. KKKT kwetu Krismasi na Pasaka watu wanaamshwa na matarumbeta alfajiri, sauti nne, nota zinasomwa. Mwanza mlijua tarumbeta kwenye harusi.

#13 Sato_wa_Kuchoma

Nilikuwa nahesabu dakika tu hadi Mhaya atokee. Kasoma nota tumboni huyo.

#14 Nshomile_Original

Na mengine naongeza. Dada Nansio na Igogo wanasema New York ilimtengeneza. Kabla hajaondoka alikuwa ameshapiga kwenye King Kong, mchezo wa jukwaani wa muziki wa 1959, na alikuwa kwenye bendi ya Jazz Epistles pamoja na Abdullah Ibrahim kwenye piano, enzi hizo akiitwa Dollar Brand, Kippie Moeketsi kwenye saksafoni na Jonas Gwangwa kwenye tromboni. Hao ndio kundi la kwanza la Waafrika Afrika Kusini kutoa santuri ndefu ya jazi. Alifika Marekani akiwa mpigaji kamili. Alichokwenda kukuta huko ni ushauri: Miles Davis na wenzake walimwambia akipiga jazi kama Wamarekani atakuwa mmoja kati ya maelfu, achanganye na ya nyumbani. Kwa maneno mengine, New York ilimrudisha kwao.

#15 Mwalimu_Magu

Hapo Nshomile kasema kitu kizito, japo kaanza na majigambo. Ila hilo la ushauri unaliona limeshinda 1968? Kibao cha "Grazing in the Grass" kilirekodiwa ili kujaza albamu iliyoonekana fupi, kikafika namba moja Marekani Julai mwaka huo na kuuza mamilioni ya nakala. Kilimwondoa kileleni Herb Alpert, naye mpiga tarumbeta, ingawa kwenye wimbo ule Alpert alikuwa anaimba. Miaka kumi baadaye wawili hao wakatoa albamu pamoja.

Mimi nasema bahati ya wakati ilifanya kazi kubwa. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepiga tamasha la Monterey, kule California, vijana wa kizungu wamemwona. Marekani ya 1968 ilikuwa inaitafuta Afrika. Angetoa kibao hichohicho 1958 kingelala dukani.

#16 KisumuDala

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mjadala mtamu, nimesoma wote.

Swali langu kwa watu wa Mwanza: mbona ziwa lote hili halijatoa hata mpiga tarumbeta mmoja wa jina la dunia? Huku kwetu naona sababu ni nyatiti. Ile sauti ya kinubi cha Wajaluo cha nyuzi nane ilikuwa kwenye masikio ya watu tayari, gita lilipofika likaingia palepale, benga ikazaliwa. Tarumbeta halikupata pa kukaa. Witbank na Johannesburg zilikuwa na bendi za manispaa, bendi za migodi, bendi za makanisa, shaba kila mahali. Sasa padri angempa Masekela tarumbeta akiwa Kisumu, angeishia wapi? Mimi naona mji ndio ulimtengeneza.

#17 Mzee_wa_Mbao

KisumuDala, umesema vizuri, ila usisahau bendi za dansi huku zilikuwa na matarumbeta na saksafoni, Nuta Jazz na wenzao. Msondo mpaka leo hawajayaacha. Kilichotuua ni kinanda cha umeme. Mtu mmoja anabonyeza kitufe, mnasikia tarumbeta nne, mwenye ukumbi anaona amepunguza mishahara minne. Ukisikiliza kwa makini zile tarumbeta za kinanda hazina pumzi.

#18 Mwana_Kirumba

Mzee, hilo la mishahara ndilo ninaloliogopa kwa huyu dogo.

Ila nataka niwajibu mnaosema mji. Hapa Kisesa tuna Bujora. Padri David Clement alifika miaka ya 1950, akajenga kanisa, akasaidia kuanzisha makumbusho ya Wasukuma, na ngoma zikapata uwanja kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, kila mwaka. Padri mmoja mwenye kupenda, na mpaka leo watu wanacheza pale na watafiti wanakuja. Mtu mmoja anaweza.

#19 Ng'wana_Kisesa

Mwangaluka. Mimi ni wa hapo hapo Bujora na nakupinga kwa heshima. Padri Clement alifanya kazi kubwa, tunamwombea. Lakini Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walikuwa wanashindana karne moja kabla yake, tangu enzi za Ngika na Gumha, kila upande na dawa zake na watunzi wake. Babu yangu alikuwa Mgalu kabla hajajua kanisa. Padri alikuta moto unawaka akajenga jiko. Na nadhani ndivyo hata kwa Huddleston, Sophiatown, ule mtaa wa Johannesburg, ilikuwa inawaka muziki kabla yeye hajafika pale 1943.

#20 Dada_Nansio

Ng'wana Kisesa, wabeja sana.

#21 Sato_wa_Kuchoma

Wakuu, na ule wimbo wake wa treni, "Stimela"? Nasikia anataja na Tanzania humo. Mimi nikiusikiliza naona stesheni ya Mwanza kabisa, ile ya kwenda Tabora.

#22 Mwalimu_Magu

Tanzania haimo. Anataja Namibia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Msumbiji, Lesotho, Botswana na Swaziland. Ni treni za kuwapeleka watu kwenye migodi ya dhahabu na makaa. Reli yetu ya Tabora–Mwanza ilifika hapa 1928 kwa ajili ya pamba.

#23 Mwanjelwa_Mwanza

Haimo kwenye wimbo, lakini watu wetu walikuwemo kwenye treni. Mimi naishi Nyakato, kwetu ni Tukuyu. Babu mzaa mama alikwenda Wenela, wale waliokuwa wanaandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, aliandikishwa akiwa kijana. Alirudi na sanduku la bati, blanketi na kikohozi ambacho hakikupona. Hakuwa anapenda kusimulia, ila alikuwa anaweza kuigiza sauti ya treni kwa mdomo, watoto tunacheka, yeye hacheki. Niliposikia Masekela anafanya sauti ileile kwenye ule wimbo, moshi na filimbi na breki, nilizima redio nikatoka nje.

Kwa hiyo kwangu mimi haya ya padri na shule ni ya pili. Alichokuwa nacho Masekela ni hasira ya wale wanaume waliokunywa kwa bibi yake. Shule haifundishi kitu hicho.

#24 Nshomile_Original

Mwanjelwa, pole kwa babu. Nimeusikiliza tena sasa hivi, toleo la onyesho la miaka ya 1990. Halafu mtu aniambie tarumbeta ni la harusi.

#25 Tarumbeta_la_Igogo

Kitu kimoja cha ufundi: kwenye nyimbo nyingi za miaka yake ya baadaye anachopiga ni flugelihoni. Ni ndugu wa tarumbeta, mrija wake unapanuka mapema, sauti inakuwa nzito na laini. Ndiyo maana hasira ya Mwanjelwa inasikika bila kelele. Ukiipiga "Stimela" kwa tarumbeta kavu inakuwa kitu kingine.

#26 KisumuDala

Na miaka ya Botswana mmeiruka. Alihamia Gaborone mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili awe karibu na kwao, akaanzisha na shule ya muziki. Juni 14, 1985 makomando wa Afrika Kusini wakavuka mpaka usiku wakaua watu 12, wengine marafiki zake. Akahama tena. Karibu wakati huo Mandela alimwandikia barua ya siku ya kuzaliwa kutoka gerezani, ikatoka kwa siri, naye akajibu kwa wimbo wa kudai Mandela arudishwe nyumbani. Ukiniuliza, ukimbizi wa miaka 30 ndio uliompa sauti. Angebaki kwao angekuwa mpigaji mzuri wa Johannesburg.

#27 Dada_Nansio

Ukimbizi ulimpa na ulevi pia, tuseme yote. Pombe na dawa za kulevya zilimtafuna miaka mingi, aliandika mwenyewe waziwazi. Aliingia tiba 1997, akatoka safi, akaanza kusaidia wasanii wenzake waache. Mimi nina kaka aliyepotea kwa njia hiyo, kwa hiyo sitaki tuusifie sana ukimbizi.

#28 Nesi_Mstaafu

Nami niweke neno la kazi yangu. Masekela alifariki 23 Januari 2018 kwa saratani ya tezi dume, na alipotangaza ugonjwa wake mwishoni mwa 2017 aliwahimiza wanaume wapime. Baba na kaka zangu mnaosoma huu uzi, hasa mliovuka 50 au mwenye ndugu wa damu aliyeugua: kukojoa mara kwa mara usiku na mkojo kukatikakatika msiuite uzee. Mara nyingi huanza bila dalili yoyote. Nendeni mkaongee na daktari.

#29 Mzee_wa_Mbao

Asante binti. Mimi nilikwenda, na niko hai ninaandika.

#30 Sato_wa_Kuchoma

Tarehe hiyo 23 Januari ina jambo. Oliver Mtukudzi, mwanamuziki wa Zimbabwe, naye alikufa 23 Januari, 2019.

#31 Nshomile_Original

Na Jonas Gwangwa 23 Januari 2021. Yule wa tromboni niliyemtaja juu.

#32 Mwalimu_Magu

Gwangwa ndiye anayenisumbua katika mjadala wote huu. Alikuwa kwenye Huddleston Jazz Band hiyohiyo, kwa hiyo padri ni yuleyule. Jazz Epistles yumo, King Kong yumo, Marekani alifika, ukimbizini aliishi. Kila sababu mliyoitoa tangu mwanzo inamhusu naye. Akaja kuongoza Amandla, kundi la utamaduni la ANC, na muziki wake wa filamu ya Cry Freedom ukapendekezwa kwa Oscar. Lakini ingia Makoroboi leo uulize wenye maduka ya muziki, Masekela wanamjua, Gwangwa hawamjui. Aliyesema padri, aliyesema shule, aliyesema mji, anielezee hapo.

#33 Tarumbeta_la_Igogo

Tromboni mwalimu. Tarumbeta ndilo linalobeba wimbo, tromboni linabeba wenzake. Hata kwenye pikapu watu wanampa hela wa tarumbeta.

#34 Dada_Nansio

Au mmoja alitumikia chama na mwingine alitumikia jina lake. Sisemi nani alikosea.

#35 KisumuDala

Dada, hapo siwezi kukubali. Dada yake Masekela, Barbara, alikuwa kwenye uongozi wa utamaduni wa ANC, na Hugh alipiga maonyesho mangapi ya kupinga ubaguzi? 1987 alizunguka na mwanamuziki Mmarekani Paul Simon na Miriam, Harare ikafurika. Gwangwa hakupata kibao cha namba moja, basi. Tunarudi kwa Mwalimu na ile bahati yake ya 1968.

#36 Mwanjelwa_Mwanza

Bahati haiwezi kuigiza treni vile.